Kasha la bibi na safari ya Leicester

SWALI: Shikamoo Bibi. Mume wangu yuko Leicester, Uingereza, nami na watoto tunamfuata, tunahamia moja kwa moja. Nataka kuchukua kasha la marehemu bibi, vyombo na friji. Nianzie wapi?
Msomaji, Mkunazini

JIBU: Marahaba mwanangu. Friji iuze hapa hapa. Mzigo wa meli hulipiwa kwa mita za ujazo, na kontena la futi 20 lina kama 33, wewe hulijazi. Tafuta wakala anayechanganya mizigo ya watu.

Kasha lichukue, nakuunga mkono kabisa. Lakini vuta zile droo za chini uzikague: ukiona unga laini wa mbao, bungu yumo, litiwe dawa kwanza. Misumari ya shaba ifunikwe kwa blanketi, si karatasi. Na kama bibi aliacha kitana au bangili ya gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, viache nyumbani, maana ni marufuku kuvipitisha mipakani bila kibali maalumu.

Kabla mzigo haujapakiwa, omba forodha ya Uingereza msamaha wa kodi kwa wanaohamia. Uwe umeishi nje ya nchi ile angalau miezi 12 mfululizo, na vitu umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6. Ukishaupata, usiviuze kwa miezi 12. Kata na bima ya baharini.

Pasipoti, vyeti vya watoto na dhahabu zako, tafadhali mwanangu, viwe mkobani mwako.