Siku mbili Kisumu: pa kupanda miamba na vilima, pa kula

Dada, umeuliza pa kupanda miamba na vilima na pa kula samaki ukiwa na siku 2 tu Kisumu. Siku ya kwanza nenda Kit Mikayi, rundo la majabali makubwa kwenye barabara ya Bondo. Kwa Kijaluo ni "jiwe la mke wa kwanza". Kupanda hakuchukui muda, ila watu huja kusali pale, kwa hivyo ongea polepole na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Jioni teremka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Usiagize samaki kwa kusomewa bei, omba uoneshwe. Ngege (tilapia) mbichi ana macho maangavu na matamvua mekundu. Akaangwe kwanza, kisha atokoswe kwenye nyanya na kitunguu, na ugali uje moto. Kula kwa mkono, tafadhali, miiba yake ni midogo.

Kesho yake panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, kisha bodaboda hadi Isecheno, kwenye Msitu wa Kakamega. Kama unaweza kulala huko, lala. Ondoka na mwongozo saa kumi na moja alfajiri mpande kilima cha Lirhanda. Ukungu huwa bado umelalia msitu, na mbega wanaanza kuitana. Beba sweta, na viatu visivyoteleza.