Mkorogo na mimba ya miezi minne: mi nilivyoacha

Dada uliyeuliza una mimba ya miezi minne na unapaka mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua, na kama perfyumu na dawa ya nywele nazo uache, nakujibu kwa yaliyonikuta maana mimba yangu ya kwanza niliibeba nikifanya saluni hapa Moshi, pale Mbuyuni.

Mkorogo acha leo. Sio upunguze, acha. Mi nilikuwa nachanganyiwa kwenye kikopo, krimu moja tu ndo ilikuja na boksi lake. Siku moja nimekaa mlangoni nasubiri wateja nikaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, wameandika isigusane na dhahabu, silva wala aluminiamu. Nikaangalia pete, nikaangalia tumbo, mwili ukanisisimka. Nikalibeba boksi kliniki, nesi akasema onyo la hivyo mara nyingi ni dalili ya zebaki, hiyohiyo wachimbaji wanayokamatia dhahabu. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, inavuka kondo mpaka kwa mtoto wakati ubongo wake ndo unajengeka, na wewe inakuharibu figo. Ndo maana hapa nchini vipodozi vya hivyo ni marufuku, lakini sokoni bado vinapita. Kwenye lebo ukiona mercury, mercurio, calomel au mercurous ni yenyewe, na kikopo kisicho na lebo ndo usikiamini kabisa. Hidrokwinoni, dawa nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo inaingia mwilini kwa wingi kupitia ngozi, achana nayo.

Jingine ambalo wengi hatujui, zebaki inabaki kwenye taulo, mashuka na foronya, kwahiyo hata mtoto mkubwa unayelala naye anaipata. Mi taulo na foronya nilitupa zote.

Ukiacha utabadilika rangi, jiandae. Mi nilitoka mabaka, wifi akanisema mbele za watu, nililia kweli ila sikurudi nyuma.

Halafu usafi. Choo chetu Pasua kilikuwa cha wapangaji wote, nikamwaga jiki juu ya ile asidi ya choo ili king'ae, dakika haikuisha kifua kikabana macho yanachoma nikatoka nakohoa nimeshika ukuta. Ile ni gesi ya klorini, usichanganye kamwe, na kwa sasa mwombe mtu mwingine akusugulie.

Perfyumu na dawa ya nywele siziweki kundi moja na mkorogo, usikose usingizi kwa ajili yake. Mi nilipunguza tu, nikawa napaka vaselini isiyo na harufu, na saluni nikabaki kusuka, dawa akaweka mwenzangu madirisha yakiwa wazi.

Ila kliniki sema ukweli umepaka nini na kwa muda gani, usione aibu, zebaki inapimika hata kwenye mkojo. Na hicho kikopo usikitupe kwanza, kifunge kwenye mfuko uende nacho.