Kiwiko ni bawaba, sasa mbona kiganja kinageuka?

Mkuu swali zuri, unasema mwalimu kawaambia kiwiko ni kiungo cha bawaba, kinakunja na kukunjua tu, sasa mbona kiganja kinageuka juu chini? Ni hivi, pale kiwikoni hakuna kiungo kimoja. Bawaba ni pale mfupa wa juu wa mkono unapokutana na ulna (mfupa wa chini ya kiwiko, upande wa kidole kidogo), ila pembeni yake kuna kingine cha kuzunguka, radiasi (mfupa wa upande wa kidole gumba) inajizungusha kwenye ulna. Jaribu sasa hivi, kunja kiwiko digrii 90, kibane ubavuni, weka vidole vya mkono wa pili chini kidogo ya kiwiko upande wa nje af geuza kiganja taratibu, utasikia kamfupa kanazunguka chini ya ngozi, hiko ndo kichwa cha radiasi.

Kiungo kingine cha kuzunguka kiko shingoni, pingili ya 1 na ya 2, ndo maana unaweza kutikisa kichwa kukataa.

Bega na nyonga ni tufe na kikombe, zinaenda pande zote, ila kikombe cha bega hakina kina ndo maana linateguka kirahisi kuliko nyonga. Shina la kidole gumba ni kiungo cha tandiko (umbo kama tandiko la farasi), bila hiyo kushika kalamu ungehangaika sana. Fuvu nalo lina maungio ila hayachezi, wengi wanayasahau kwenye mtihani. Goti andika bawaba kama kitabu kinavyotaka, japo likikunjwa linazunguka kidogo pia.