Kazi za Idi zikikulemea, rudi kwenye daftari la oda

Pole sana, dada. Umeeleza kwamba Ramadhani iliyopita ulishona mpaka usiku wa manane, ukaharibu kitambaa cha mteja, ukamjibu mwingine kwa ukali, na sasa unatafuta subira. Kwa fundi, subira inaanzia kwenye daftari la oda. Lifungue kabla hujasahau.

Kwa kila nguo iliyochelewa andika sababu: zipu au bitana haikununuliwa mapema, vipimo vilikosewa, mteja alibadili mshono, au uliahidi siku usiyoiweza. Sababu inayojirudia sana ndiyo ya kurekebisha kwanza, na mara nyingi ni ahadi. Mwezi unaweza kuandama baada ya siku 29 tu, hivyo ahadi yako ya mwisho iwe Ramadhani 25, zibaki siku za kujaribisha na kurekebisha. Hesabu nguo unazomaliza kwa siku ya kawaida, siyo siku uliyokesha. Daftari likijaa, kataa kwa upole.

Kata asubuhi, akili ikiwa imetulia. Mshono uliokosewa unafumuliwa. Kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki. Usiku bakiza kupinda na kuweka vifungo. Nguo za uzi wa rangi moja zishone pamoja. Sindano ikianza kuruka mishono, badilisha hapo hapo, maana butu huvuta nyuzi na kukutia hasira bure.

Yule uliyemjibu vibaya mpigie wiki hii, umwombe radhi bila kujitetea kwa uchovu. Kitambaa ulichoharibu, kilipe.