Kabla hujamtukana aliyekuuzia pawamita

Juzi usiku kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nimenunua pawamita, Garmin haiioni kabisa. Nahisi nimepigwa." Pawamita ni kifaa kinachopima kwa wati nguvu unayoikanyagia pedeli, na Garmin ni kompyuta ndogo ya baiskeli inayokuonyesha namba hizo. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kuyaandika mimi, miaka miwili iliyopita, kwenye grupu la WhatsApp lenye waendesha baiskeli wa nchi nzima. Tena mimi sikuishia kwenye "nimepigwa". Nilimtaja muuzaji kwa jina.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wote mnaotaka kufanya mazoezi kwa wati badala ya kukisia, ngojeni niwasimulie.

Hela nilikusanya miezi saba. Pawamita yenyewe ilikuwa mtumba: mkono wa pedeli wa kushoto, kipimo kimebandikwa kwa ndani. Ilitoka Arusha kwa basi mpaka huku Kigoma, Mwisho wa Reli. Nikaifunga mwenyewe, nikawasha Garmin yangu, Edge 500, nikazungusha pedeli. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nilihangaika nayo mpaka saa saba usiku, mke wangu akauliza kama baiskeli nayo imepata malaria. Kulipokucha nikaandika niliyoyaandika. Muuzaji akajieleza taratibu, akasema kwake ilikuwa inasoma vizuri. Nikamjibu kwa herufi kubwa.

Aliyenizindua ni fundi simu wa Mwanga, hapa hapa mjini, kijana ambaye baiskeli anayoifahamu ni ile ya kubebea madumu. Aliwasha Bluetooth ya simu yake, akaniambia nizungushe pedeli, na jina la pawamita likatokea palepale. "Mzee, kitu chako kizima. Hii mashine yako ndiyo haina Bluetooth." Mzee! Nina miaka 41. Lakini alisema kweli. Edge 500 ilitoka mwaka 2009 na inasikia ANT+ peke yake, yaani mawimbi ya redio ya vifaa vya michezo, na pawamita yangu ilikuwa inarusha Bluetooth peke yake. Zote zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ila ni kama Muha na Mmanyema wamekaa baraza moja, kila mmoja kashikilia kilugha chake.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na ukiniuliza ndio mkubwa kuliko yote: jua kifaa kinaongea lugha gani kabla hujalipa. Vihisi (vifaa vya kupimia kama pawamita) vingi vya siku hizi vinarusha vyote viwili, lakini mtumba usiuamini. Soma maelezo ya kihisi, soma na ya kompyuta yako. Kusoma ni bure jamani.

Nikauza mbuzi wawili, nikapata Edge 530 iliyotumika, inayosikia ANT+ na Bluetooth. Siku ya kwanza ikashika. Siku ya pili ikagoma, nami nikaanza tena kunoa ulimi. Kumbe simu iliyokuwa mfukoni ilishaikamata pawamita kabla. ANT+ inatangaza kama redio, asikilize anayetaka. Bluetooth ya vihisi vingi vya zamani inampokea mmoja tu, anayewahi ndiye mwenye zamu. Funga programu ya simu au zima Bluetooth yake, kisha utafute upya.

Betri nayo, kwa kifupi: baadhi ya CR2032, zile betri za duara kama sarafu, zimepakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze, na dawa hiyo wakati mwingine inazuia mguso. Futa kwa spiriti.

Sasa tuje kwenye aibu yenyewe. Nina kilima changu cha kupimia, kilomita 2, mita 150 za kupanda, natumia dakika 10. Asubuhi moja nikapata wastani wa wati 340. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu lile lile. Pongezi zikamiminika. Mmoja tu aliuliza uzito wangu pamoja na baiskeli. Kilo 85, nikajibu kwa maringo. Akaandika hesabu: 85 mara 9.81 mara 150, gawanya kwa sekunde 600, unapata wati 208. Ongeza upepo na msuguano wa matairi, bado 250 hufiki. Grupu zima likatulia. Aliyeuliza alikuwa yule yule wa Arusha.

Tangu niifunge sikuwa nimewahi kuirudisha kwenye sifuri. Vipimo vya ndani vinasoma jinsi chuma kinavyopinda, na joto linavivuruga. Itoe baiskeli nje dakika 15 izoee hewa, simamisha mikono ya pedeli wima, mguu usiguse popote, ndipo ubonyeze kalibresheni. Fanya hivyo kila kabla ya safari. Halafu urefu wa mkono wa pedeli: nilikuwa nimejaza milimita 175 na wangu ni 170. Hiyo peke yake inaongeza karibu asilimia 3. Na pawamita ya upande mmoja inapima mguu wa kushoto kisha inazidisha kwa mbili, kwa hiyo wenye goti lililoumia kwenye mpira wa miguu mjue hilo.

Vijana, tunapenda sana namba. Kwenye kilima kile kile huwa napishana na jamaa wa mawese, madumu matatu ya lita 20 kwenye karia, zaidi ya kilo 50 za mafuta, anasukuma baiskeli ya chuma na bado ananisalimia. Wati zake hakuna aliyewahi kuzipima, na mimi nilikuwa natangaza zangu za uongo. Tuache kukurupuka. Tusome kwanza, tupime, ndipo tuseme.

Kijana wa Kasulu, nitumie jina kamili la Garmin yako na picha ya maandishi yaliyo kwenye pawamita, kabla hujamwandikia chochote aliyekuuzia.

Yule wa Arusha nilimwomba radhi, kwa ujumbe wa faragha. Alama za bluu zilitokea siku ile ile, jibu halijaja. Kwenye grupu bado sijaandika kitu.