Mbweha mwenye kanzu ya kijani

SWALI: Shikamoo. Juzi nimemaliza gemu ya Tunic, nimeipenda mno. Kaka yangu, aliyekulia kwenye gemu za zamani, ananicheka: eti ni Zelda ileile, wamemtoa mtoto wakamweka mbweha. Ni kweli? Na hiyo Zelda ya kwanza nitaifurahia, au itanichosha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako kaiona kanzu, aliyeivaa hakumtazama. Kanzu ya kijani, upanga, ngao na mabomu ni vya The Legend of Zelda ya Nintendo, ya mwaka 1986. Andrew Shouldice, Mkanada aliyeihangaikia Tunic miaka mingi hadi ikatoka 2022, hajalificha deni hilo.

Utamu wenyewe uko kwenye kijitabu. Zelda ya 1986 inakuacha uwanjani mikono mitupu. Pembeni kuna tundu jeusi. Ukiingia, mzee anakupa upanga. Mimi sikuingia. Nilikwenda zangu kulia, wale pweza wekundu wakanipiga mawe hadi nikafa. Ukutani hakuna alama ya kukuonyesha pa kutega bomu, kwa hiyo kijitabu kilichokuja na gemu, na ramani yake isiyokamilika, vilikuwa nusu ya mchezo. Shouldice amekichana kijitabu cha aina hiyo, akazitawanya kurasa ndani ya gemu yenyewe, tena kwa maandishi yasiyosomeka. Unakisia kwa picha. Unaukumbuka ukurasa wa kushikilia kitufe ili mbweha aombe? Niliupata nimeshazunguka saa kadhaa, kumbe kitufe kilikuwa na uwezo huo tangu pale ufukweni. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Vile vipigo ulivyokula kwa wale majitu wakubwa havina uhusiano na Zelda. Hapo ni gemu nyingine, Dark Souls ya 2011: pumzi inayokwisha ukikwepa ovyo, na maadui wanaofufuka kila ukipumzika. Kaka yako hilo hakulitaja, sijui kwa nini.

Kuhusu kuicheza Zelda, sikudanganyi, uzee upo. Mshumaa wa kwanza unawaka mara moja tu kila skrini, kwa hiyo ukitaka kuchoma vichaka vitano kutafuta njia iliyofichwa, unatoka na kurudi mara tano. Chukua daftari la hesabu, lile la miraba, chora 16 kwa 8: hiyo ndiyo dunia nzima ya juu, skrini 128. Ukiingia kwenye skrini, jaza mraba wake. Mimi nilipuuza daftari, nikapotea msituni jioni nzima. Ukikwama kutafuta pango la saba, tafuta bwawa lisilo na kichimbakazi upulize filimbi. Maji yanakauka, ngazi inaonekana. Hiyo nakupa bure kwa sababu inakera. Mengine yatafute mwenyewe, na kaka yako akianza kukutajia kichaka cha kuchoma, mtoe chumbani.