Je, Saratani Inayotokana na Virusi Huambukiza?

SWALI: Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 52, amegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na daktari ametueleza kuwa chanzo chake ni virusi. Tangu hapo baadhi ya ndugu wamemtengea sahani na kikombe, naye mumewe anadai kuwa ugonjwa huu ni ushahidi kwamba alitoka nje ya ndoa. Je, saratani huambukiza? Mimi nina miaka 34 na mdogo wangu ana 13, tufanye nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Sahani na kikombe cha shangazi yako virudishwe kabatini pamoja na vya wenzake leo hii. Kinachoambukiza ni virusi, wala si saratani, na virusi vya papiloma, vinavyofahamika zaidi kwa kifupi cha HPV, huenezwa kwa kujamiiana na mgusano wa ngozi ya sehemu za siri.

Virusi hivi vina aina zaidi ya 200, lakini aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani, na kwa walio wengi kinga ya mwili huviondoa ndani ya miaka miwili hivi bila wao kujua. Hatari huanza pale vinapong'ang'ania. Hapo virusi huifanya seli itengeneze protini mbili, E6 na E7: ya kwanza huteketeza protini ya mwili iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha au kuiua seli yenye vinasaba vilivyoharibika, na ya pili huondoa breki inayozuia seli kugawanyika ovyo. Seli iliyonyang'anywa ulinzi huo hurundika kasoro moja baada ya nyingine, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea, ingawa kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa muda huo unaweza kuwa mfupi zaidi.

Kwa sababu ya urefu wa muda huo, madai ya mume hayana msingi. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha ni nani aliyemwambukiza mwenzake, wala kama ilikuwa kabla ya ndoa au baada yake. Hata yeye mwenyewe huenda ndiye aliyevileta.

Virusi peke yake, aghalabu, havitoshi kuleta saratani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani nyingine, uvimbe wa taya unaowapata watoto, na mwaka 1964 virusi vya aina tofauti, viitwavyo Epstein-Barr, viligunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Hata hivyo, virusi hivyo vimeenea kwa watu wengi mno duniani, ilhali uvimbe wenyewe hushamiri kwenye maeneo yenye malaria nyingi, maradhi yanayochangia kuudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya virusi hivyo.

Kuhusu ninyi wawili, mdogo wako apelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo nchini Tanzania ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018 na ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kuanza kujamiiana. Chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, hivyo wewe unahitaji zaidi uchunguzi, hata kama huna dalili yoyote. Mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama iwapo kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Ikionekana, mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, pengine siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Usingoje kutokwa damu baada ya tendo la ndoa ndipo uende, kwa kuwa dalili hiyo mara nyingi huja wakati ugonjwa umeshaanza.